Gari la Mbio Lenye Kilomita Laki Moja: Kweli Ipi, Uongo Upi?

Anayeishi Nyasura, Bunda Mjini, hakai mbali na barabara kuu itokayo Mwanza kupitia Musoma hadi mpakani Sirari. Kwenye barabara hiyo Subaru hujitambulisha kwa mlio kabla haijaonekana, Altezza hupita ikiwa imeshushwa hadi tumbo linakaribia lami, na Crown Athlete nyeusi hupunguza mwendo pale tu dereva anapohisi kuna tochi ya trafiki mbele. Kijana aliyeuza pamba vizuri, aliyepata msimu mzuri wa dagaa au aliyebahatika machimboni huwa tayari ana gari la aina hiyo kichwani. Jipya hawezi kulinunua. Anaoneshwa lililotumika, dashibodi inasoma kilomita laki moja na ishirini elfu, dalali anasubiri jibu.

Ushauri hautakosekana. Fundi ana lake, jirani ana lake, na kijiwe cha bodaboda kina la kwake. Tumeyachukua madai yanayosikika zaidi tukayapima moja moja. Msomaji ataona jambo moja likijirudia: kilomita peke yake haitoi hukumu. Hukumu inatolewa na utunzaji unaoweza kuthibitishwa, pamoja na uwezo wa mnunuzi kuuendeleza utunzaji huo akiwa Bunda, si akiwa Tokyo wala Dar es Salaam.

1. "Gari likivuka kilomita laki moja, limekwisha."

UONGO.

Januari 1989, kampuni ya Subaru ilipeleka gari aina ya Legacy RS kwenye uwanja wa majaribio huko Arizona, Marekani. Lilikuwa na injini ya EJ20 yenye turbo, iliyokuwa mpya wakati ule. Gari lilikimbizwa mchana na usiku, likisimama kwa mafuta, kubadilisha dereva na matengenezo ya kawaida tu, hadi likamaliza kilomita 100,000 kwa wastani wa kilomita 223 kwa saa. Kazi hiyo ilichukua saa 447, yaani chini ya siku kumi na tisa, na ikawa rekodi ya dunia. Ukoo huohuo wa injini ndio uliokuja kuwekwa kwenye Impreza WRX na Forester nyingi zenye turbo tunazoziona mkoani Mara leo.

Basi laki moja imepataje sifa mbaya? Sababu iko kwenye bili. Huko Japani, EJ20 hupangiwa kubadilishwa mkanda wa taimingi kwenye kilomita 100,000. Ndivyo ilivyo pia kwa 1JZ-GTE ya Toyota Mark II yenye turbo. Mkanda ukitolewa, fundi makini hubadilisha pampu ya maji na roli zake papo hapo, kwa kuwa tayari amefungua mbele yote ya injini. Wakati huohuo shokapu, bushi na mipira mingine huwa imeanza kuchoka. Mwenye gari Japani anajumlisha gharama hizo na za ukaguzi wa lazima wa serikali, ambao gari binafsi hupitia miaka mitatu baada ya kununuliwa likiwa jipya na kisha kila baada ya miaka miwili, halafu anaona heri aliuze.

Hapo ndipo mnunuzi wa kwetu anaponaswa. Gari lenye kilomita 98,000 ambalo mkanda wake haujaguswa linapendeza kwenye tangazo, lakini bili ya mwenye gari wa kwanza inamsubiri yeye. Lenye kilomita 135,000 na ushahidi kuwa mkanda, pampu na roli vilibadilishwa linaweza kuwa salama zaidi. Kwenye EJ20 yenye turbo mkanda ukikatika, valvu hukutana na pistoni, na ajali hiyo haitengenezwi kwa kufunga mkanda mwingine. Usione vyaelea, vimeundwa.

Si kila injini ina mkanda, hata hivyo. 4GR-FSE ya Mark X na Crown hutumia cheni, na FA20 yenye turbo ya Forester za baadaye pia ni cheni. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe "limetembea ngapi?" Liwe "ni injini gani, na mara ya mwisho ilifanyiwa nini?"

2. "Dashibodi haidanganyi."

UONGO.

Odometa hurudishwa nyuma, ya kidijitali kwa urahisi kama ile ya zamani. Mnadani, mtu wa Mara hamwulizi dalali umri wa ng'ombe; humfungua mnyama mdomo na kutazama meno. Gari nalo lina meno yake.

Anza na karatasi. Gari linaloondoka Japani hufutiwa usajili na kupewa cheti cha kusafirishwa nje, na cheti hicho hubeba kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa serikali. Kama lilipita mnadani, lina karatasi ya mnada inayoonesha daraja lake. Gari la daraja la 4 au 4.5 lina hali nzuri, la 3.5 limechoka kiasi, na lenye herufi R au RA liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Kilomita zenye mashaka huandikwa hivyo kwa Kijapani, na kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri inatosha kukusomea.

Kisha funua boneti na milango. Mafundi wa Japani wana desturi ya kubandika vibandiko: cha oili kwenye fremu ya mlango, cha mkanda wa taimingi ndani ya chumba cha injini, kila kimoja na tarehe na kilomita. Ukikuta kibandiko kinachosema mkanda ulibadilishwa kwenye kilomita 101,000 huku dashibodi ikisoma 84,000, mazungumzo yameishia hapo.

Mwisho, tazama vinavyoshikwa kila siku. Usukani uliong'aa kwa kusuguliwa, mpira wa pedali uliolika upande mmoja, kiti cha dereva kilichobonyea ubavuni: vitu hivi haviendani na kilomita 60,000. Soma pia tarakimu nne za tarehe kwenye tairi, mbili za wiki na mbili za mwaka, na lebo iliyo mwisho wa mkanda wa kiti, ambayo kwenye magari mengi ya Japani huonesha lini ulitengenezwa.

3. "Ni namba E, gari jipya hilo."

UONGO.

Herufi za namba ya usajili zinaonesha gari lilisajiliwa lini Tanzania. Hazisemi lilitengenezwa lini, wala limetembea kiasi gani kabla ya kupanda meli. Impreza ya mwaka 2004 iliyotua bandarini juzi itapata namba mpya kabisa, na jirani yake yenye namba C inaweza kuwa changa kuliko yenyewe kwa miaka kadhaa. Namba ina faida moja tu kwa mnunuzi: inamwonesha gari limekaa muda gani kwenye barabara zetu na mikononi mwa mafundi wetu. Mwaka wa kutengenezwa uutafute kwenye kadi ya gari, kisha uulinganishe na namba ya chesesi.

4. "Altezza ni gari la mbio. Mark II nayo ni gari la mbio."

NUSU KWELI.

Hapa wengi hulipa bei ya simba wakapewa paka. Altezza ilitoka mwaka 1998 ikiwa na sura moja na mioyo miwili. RS200, ambayo chesesi yake huanza na SXE10, ina injini ya 3S-GE yenye silinda nne, na ile ya gia za mkono hutoa nguvu za farasi 210. AS200, yenye chesesi ya GXE10, ina 1G-FE ya silinda sita na nguvu za farasi 160. Ni injini ya upole, nzuri kwa safari ndefu, lakini haikuumbwa kwa mbio.

Mark II ni hivyohivyo. GX110 inayojulikana kila mji ina 1G-FE hiyohiyo. Yenye 1JZ-GTE na turbo ni JZX110 ya toleo la iR-V, na nguvu zake kwenye karatasi ni farasi 280. Namba hiyo 280 utaikuta kwenye magari mengi makali ya Japani ya kipindi kile kwa sababu watengenezaji walikubaliana kutoivuka. Makubaliano hayo yalidumu tangu mwisho wa miaka ya 1980 hadi mwaka 2004.

Kabla ya kujadili bei, soma kibati cha chesesi. Bampa la mbele, viti vyekundu na nembo ya nyuma vinauzwa madukani. Herufi za chesesi haziuzwi.

5. "Mlio mzito ndiyo nguvu yenyewe."

UONGO.

Ule mlio wa Subaru unaotambulika toka mbali unatokana na mabomba ya kutolea moshi yenye urefu usiolingana. Moshi wa silinda za upande mmoja huchelewa kufika, na mapigo yanasikika kama yanapishana. Legacy zenye turbo zilizotoka mwaka 2003 kwa soko la Japani ziliwekewa mabomba yanayolingana urefu. Mlio ukapungua, na turbo ikaanza kuitika mapema zaidi.

Egzosi kubwa iliyofungwa baadaye ikupe maswali badala ya furaha. Mtu aliyebadilisha egzosi huenda alibadilisha pia kichujio cha hewa, akaongeza presha ya turbo, au akachezea programu ya kompyuta ya injini. Kila kitu kilichochezewa bila kurekebishiwa mchanganyiko wa hewa na mafuta kinaikaribisha injini kwenye mlipuko usio wa wakati wake ndani ya silinda, na pistoni za EJ zenye turbo hupasuka kwa sababu hiyo. Kati ya magari mawili yenye bei moja, chukua lililo kama lilivyotoka kiwandani.

6. "Turbo ni bomu, siku yoyote linakulipukia."

NUSU KWELI.

Ndani ya turbo kuna shafti inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nayo imeelea kwenye utando mwembamba wa oili ileile inayolainisha injini. Oili ikiwa chafu, nzito kupita kiasi, au pungufu, shafti hiyo ndiyo ya kwanza kuumia. Baadhi ya injini za EJ20 na EJ25 zenye turbo zina pia kichujio kidogo sana ndani ya boliti ya bomba la oili. Kikiziba kwa tope la oili isiyobadilishwa, turbo hufa na kiu huku stiki ikionesha oili imejaa.

Hivyo turbo haifi bila sababu. Badilisha oili kila kilomita 5,000 au mapema zaidi, tumia daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, pima stiki kila unapojaza mafuta. Usikanyage mafuta injini ikiwa bado ya baridi, na ukitoka mwendo mkali, tembea taratibu kilomita ya mwisho kabla ya kuzima.

Siku ya kukagua, fika asubuhi na umwombe muuzaji asiliwashe gari kabla yako. Gusa boneti: ikiwa ya moto, amekwishalipasha, na anajua kwa nini. Washa, simama nyuma. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua. Moshi mweupe usiokwisha injini ikishapata moto, wenye harufu tamutamu, maana yake maji ya rejeta yanaingia ndani. Mluzi wa chuma unaopanda pamoja na mwendo ni turbo inayoaga.

7. "Subaru zote huunguza gasketi, na dawa ni kutoa thamostati."

NUSU ya kwanza ina kisa chake. NUSU ya pili ni UONGO mtupu.

Sifa ya gasketi ya silinda hedi ilitokana hasa na EJ25 zisizo na turbo, lita 2.5, za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambazo zilivujisha oili na maji pembeni ya injini. EJ20 zenye turbo zilifungwa gasketi za chuma zenye tabaka kadhaa, na tatizo hilo halikuziandama kwa kiwango kile. Subaru nyingi zinazochemsha kwetu huuliwa na vitu vidogo: rejeta iliyoziba, kifuniko cha rejeta kilicholegea, maji ya kisima yenye chumvi badala ya kulanti.

Kisha huja fundi na ushauri wa kutoa thamostati, eti Afrika ni joto. Kifaa hicho kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake sahihi na kuiweka hapo. Kikiondolewa, injini hukaa baridi mno, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi ikidhani gari ndiyo kwanza limewashwa, oili inachafuka, silinda zinalika. Kwenye Subaru na Toyota nyingi thamostati pia hufunga njia ya mkato ya maji; ikitolewa, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita rejeta. Uliyetaka gari lisichemshe, umelipa njia nyingine ya kuchemka.

Muuzaji akikuambia "tulitoa thamostati, halisumbui tena," amekupa habari mbili: gari liliwahi kuchemsha, na chanzo hakikutafutwa.

8. "Petroli ni petroli."

UONGO kwa magari haya.

Japani ina petroli ya kawaida na petroli ya daraja la juu. Kiwango cha chini cha okteni kwa hii ya juu ni 96, na vituo vingi huuza ya kufikia 98 hadi 100. WRX, Forester zenye turbo, Mark II yenye 1JZ-GTE na Altezza RS200 vilitengenezwa vikitarajia hiyo ya juu. Bunda unajaza inayotoka kwenye pampu, na pampu haikuulizi una turbo au huna.

Gari lililo kama lilivyotoka kiwandani lina kihisi kinachosikia injini ikigonga na kuchelewesha cheche, kwa hiyo litakwenda, likiwa limepoteza sehemu ya nguvu. Lililoongezwa presha kwa petroli ya Japani halina huruma hiyo: mwinuko mmoja wa kukanyaga mafuta unaweza kulinoki. Jaza kwenye kituo chenye mauzo ya haraka, epuka petroli ya madumu, na ukisikia mgongano wa chuma unapopanda kilima, ondoa mguu.

Mark X na Crown zenye 4GR-FSE zina jambo lao. Petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo hakuna kinachoziosha na masizi hujijenga juu yake. Likitetemeka likiwa limesimama, uliza kama valvu ziliwahi kusafishwa kabla hujakubali kuwa "ni plagi tu."

9. "Gari lililowahi kukimbizwa usiliguse."

NUSU KWELI.

Mwaka 1965, Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, pamoja na ndugu yake Jaswant, walishinda mashindano ya magari ya East African Safari wakiwa na Volvo PV544. Gari hilo lilikuwa la mkono wa pili, lililokwishatumiwa na timu ya kiwanda kwenye mashindano ya mwaka uliotangulia. Kwa akili ya dalali wa leo, hilo lilikuwa gari lililokwisha. Lakini Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Alijua nini kimeumia, akakifungua na kukitengeneza, ndipo akaingia nalo barabarani. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976, safari hizo akiwa na Mitsubishi Lancer.

Kwa hiyo usiogope mbio zenyewe. Ogopa mbio zilizofuatwa na rangi mpya badala ya matengenezo. Lipeleke kwa fundi asiyemjua muuzaji, apime kompresheni ya silinda zote. Namba za silinda zote zikiwa karibu sawa, injini ina uhai. Moja ikipishana na wenzake kwa zaidi ya asilimia kumi na tano, weka fedha mfukoni.

10. "Subaru ukibadilisha tairi moja, badilisha zote nne."

KWELI.

Hapa jirani anayeonekana mbahili ndiye anayekosea. Subaru nyingi huendesha magurudumu yote manne muda wote. Tairi moja jipya lina mzingo mkubwa kuliko matatu yaliyolika, hivyo mfumo wa katikati unaogawa nguvu mbele na nyuma unalazimika kusawazisha tofauti hiyo kila mzunguko, kilomita baada ya kilomita, hadi uungue. Gari la tairi za saizi na makampuni manne tofauti limekwisha kukuambia lilivyotunzwa.

Jaribu hivi: injini ikishapata moto, zungusha usukani hadi mwisho na utembee polepole kwa duara kwenye uwanja wa wazi. Likigoma, likisita au kuruka kama limeshikwa breki, ugonjwa uko kwenye gia boksi.

11. "Vuka Sirari, ukanunue Kenya kwa bei chee."

UONGO.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo magari ya zamani yaliyobaki huko hushikilia bei. Na gari la Japani halibadiliki kuwa la Afrika Mashariki kwa kupata namba ya Kenya. Kibali cha muda mpakani ni cha mgeni anayepita. Ukitaka kulimiliki na kulisajili Tanzania, forodha inakungoja na kodi zake.

Tanzania inaruhusu gari la zamani, ila inalitoza. Juu ya ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini na VAT ya asilimia 18, viwango vilivyozoeleka miaka ya karibuni vimeongeza asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi, na asilimia 30 kwa lililozidi kumi. Mengi ya magari ya mbio tunayoyazungumza hapa yamo kwenye kundi hilo la mwisho. Kikokotoo cha TRA kiko mtandaoni. Ingiza aina, mwaka na injini kabla hujamtumia mtu fedha.

12. "Lilipita ukaguzi wa TBS, kwa hiyo injini ni nzima."

UONGO.

Ukaguzi huo unahusu usalama barabarani: breki, taa, tairi, usukani, bodi. Haufungui injini kuhesabu maisha yaliyobaki.

13. "Injini ikifa, unafunga nyingine."

NUSU KWELI.

Injini zilizotumika zipo, kutoka Japani na kupitia masoko ya Sharjah. Lakini injini ya mtumba nayo ni kilomita zisizojulikana, safari hii bila dashibodi ya kuangalia. Fundi lazima ajue kuoanisha nyaya na kompyuta, na namba ya injini iliyo kwenye kadi inapaswa kurekebishwa TRA, la sivyo utakuja kukwama siku ya kuhamisha umiliki.

Na kuna umbali. Spea za Toyota IST utazipata Bunda. Kihisi cha EJ20 au roli ya mkanda wa 1JZ utakifuata Mwanza, au kitatoka Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam, kikisafiri kwa basi zaidi ya kilomita elfu moja. Gari lililosimama wiki mbili likisubiri spea bado linakudai.

14. "Gari la mbio halifai Nyasura."

NUSU KWELI, na hapa ndipo uamuzi ulipo.

Barabara kuu ni lami, lakini kwenye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa, kuna tochi, kuna ng'ombe, kuna bodaboda, na upande wa Lamadi hifadhi ya Serengeti inafika karibu na barabara. Ukiacha lami kuna changarawe na makorongo. Forester yenye turbo huinuka takriban sentimita 20 kutoka ardhini na itakufikisha nyumbani. Impreza iko chini zaidi, na Altezza iliyoshushwa itaacha sampu ya oili kwenye jiwe la kwanza la masika. Kama nguvu unaitaka kwa kuyapita malori salama ukienda Mwanza, Forester au Crown isiyochezewa inatosha. Kama unaitaka kwa kushindana, huna barabara ya kufanyia hivyo.

Basi uamue hivi. Igawe fedha yako mafungu matatu, ununue kwa mafungu mawili, na la tatu liwe la mwaka wa kwanza: mkanda au cheni, maji, oili zote, tairi nne, bushi. Ikiwa bei ya gari inameza mafungu yote matatu, hilo si gari lako, hata likiwa zuri. Linunue lenye kilomita laki na nusu ikiwa chesesi inalingana na maneno ya muuzaji, karatasi zinalingana na dashibodi, kompresheni zinalingana zenyewe kwa zenyewe, na unamjua kwa jina fundi aliyewahi kufungua injini ya aina hiyo na ambaye yuko ndani ya safari ya siku moja. Akikosekana fundi tu, shusha bei hadi ifidie, au ondoka. Kikikosekana chochote kati ya vile vitatu vya kwanza, ondoka tu. Na dalali akikuambia kuna mteja mwingine anayekuja jioni na fedha taslimu, mwache aje.